Bi Rula na Mheshimiwa wa Chini ya Maji

Kituo cha utafiti wa samaki kilikuwa na vyumba kumi na kimoja, na wageni walionyeshwa kumi. Cha kumi na moja kilikuwa nyuma kabisa, kikitazamana na tangi la maji, na hakikuonyeshwa kwa sababu kilinuka. Humo ndani, kwa miaka ishirini na saba, alifanya kazi mwanamke mmoja mfupi, mnene kiasi, mwenye koti lililowahi kuwa jeupe, na mfukoni mwa koti hilo rula ya chuma ya sentimita arobaini. Ndiyo maana aliitwa Bi Rula. Jina lake halisi lilikumbukwa na mumewe kila siku, na masijala mara moja kwa mwezi.

Kazi yake ilikuwa hivi. Samaki akiletwa kutoka ziwani, Bi Rula humpima urefu, humpima uzito, humpasua tumbo na kuandika alikula nini mara ya mwisho, kisha humchokonoa kichwani na kutoa vijiwe viwili vinavyokaa ndani ya sikio, vidogo kama punje za mchele. Vijiwe hivyo vina miviringo, na ukiihesabu unajua samaki ana umri gani. Samaki hawakuwahi kumficha Bi Rula umri wao, jambo ambalo mashoga zake wote walilifanya.

Alikuwa amepasua samaki laki mbili na ushei na kujaza madaftari sitini na moja. Huja kijana na begi mgongoni, akaazima daftari moja, akaondoka, akarudi daktari. Huazima mengine matatu, akaondoka, akarudi profesa. Bi Rula alibaki palepale, Msaidizi wa Maabara Daraja la Pili, kwa kuwa daraja la kwanza lilidai cheti cha chuo ambacho kilifungwa mwaka uleule aliopeleka maombi. Lakini kazi yenyewe aliipenda kwa moyo wake wote. Anayedhani mtu hawezi kupenda kupasua matumbo hajamwona akifungua tumbo la kwanza la asubuhi, macho yamemtoka kama anafungua barua. Mumewe, mwalimu mstaafu wa hisabati, alipenda kusimulia kwamba siku alipokwenda kumchumbia alipimwa kwa macho kutoka kisogoni hadi visiginoni, ndipo akaambiwa arudi baada ya wiki mbili kuchukua majibu.

Basi mwaka huo ukaja msaada. Ulikuja ndani ya sanduku refu, na sanduku lilipofunguliwa kukatokea roboti ya rangi ya njano, urefu wa mtu mzima aliyelala, yenye mapezi, jicho la kioo na kijiti cha mawasiliano mgongoni. Ukiiachia majini inakwenda yenyewe hadi vilindini, inatoa sauti, inasikiliza mwangwi unaorudi, na kwa mwangwi huo inahesabu samaki. Kisha inapanda juu na kurusha hesabu kwa setilaiti hadi ofisi moja ya ng'ambo, na ofisi hiyo inazirudisha kwenye simu ya Mkurugenzi, aliyekuwa ameketi ufukweni hatua mia mbili kutoka ilipo roboti.

Wafanyakazi waliiita Mheshimiwa, na wala hawakukosea. Mheshimiwa alikuwa na chumba chake chenye kiyoyozi, gari lake, dereva wake na mlinzi wake. Akipitishwa, watu husimama kando. Haingii majini bila kupigwa picha. Na akitamka jambo, hakuna anayeuliza amelitoa wapi.

Alikuja na mtaalamu wake, kijana mwembamba mwenye miwani na adabu zake, ambaye alikula chakula cha mchana akiwa amekodolea macho kompyuta. Walimwita Bwana Skrini. Mkurugenzi naye alikuwa mtu wa aina yake. Tangu ateuliwe hakuwahi kupanda boti, kwa sababu mawimbi yalimchafua tumbo, lakini katika kukata utepe hakuwa na mpinzani. Alishazindua bango la kituo, choo cha wageni, na jenereta moja mara mbili.

Kulikuwa na ghuba ambayo samaki wa ziwa lile huenda kuzalia. Ghuba ilikuwa imefungwa kwa wavuvi miaka minane, na kilichoifunga ni madaftari ya Bi Rula, yaliyoonyesha kwamba samaki wazima walikuwa wanakwisha na waliobaki ni watoto watupu. Mheshimiwa akapelekwa humo jioni tatu mfululizo. Siku ya nne Mkurugenzi akaita kikao cha wafanyakazi wote, hata mtunza bustani.

"Bilioni moja na milioni mia nne!" alisema, simu juu kama kikombe cha ushindi. "Samaki bilioni moja na milioni mia nne ndani ya ghuba moja! Na sisi tumeifunga miaka minane kwa sababu ya madaftari!" Neno madaftari alilitamka kama mtu aliyekuta mende kwenye sukari.

Akamwaga mpango wake. Ijumaa ijayo atakuja waziri, atakata utepe, na ghuba itafunguliwa kwa meli kubwa za uvuvi. Watu wakapiga makofi. Baada ya makofi Bi Rula akakabidhiwa bahasha. Ndani yake iliandikwa: "Tunakupongeza kwa uamuzi wako wa kustaafu kwa hiari ifikapo mwisho wa mwezi huu." Akaisoma mara tatu, kisha akamfuata Mkurugenzi ofisini.

"Mkuu, mimi sijaamua kustaafu."

"Ndiyo maana tumekusaidia kuamua, mama."

"Na meza yangu?"

"Chumba kile tutaweka betri za Mheshimiwa. Zinahitaji utulivu." Mkurugenzi akalainisha sauti. "Mama, usiichukulie vibaya. Waziri akishatangaza hesabu siku ya Ijumaa, kazi ya kupasua inakufa yenyewe. Mashine inamhesabu samaki bila hata kumgusa! Nani atataka kujua tena amekula nini?"

Bi Rula akatoka na bahasha yake. Nyumbani hakuweza kula. Alijisikia kama mtu aliyetolewa nje ya nyumba yake mwenyewe huku akishukuriwa, na alimwambia mumewe hivyo hivyo, bila kuzungukazunguka.

"Hebu ngoja, mama," mumewe akasema. "Ghuba ina ukubwa gani?"

"Kilomita za mraba sabini."

Mwalimu akafumba macho kidogo. "Basi ni samaki ishirini kila mita moja ya mraba. Eneo la meza yetu hii, samaki ishirini. Ukitia mguu majini unamkanyaga mtu."

"Nahodha wa boti yetu anasema ukitupa wavu hupati kitu."

"Kama ni hivyo, kuna mmoja kati yao hajui kuhesabu, na nahodha namjua, alikuwa mwanafunzi wangu. Hesabu alikuwa anajua. Kilichomshinda ni kukaa."

Asubuhi yake nahodha wa boti ya kituo alimletea Bi Rula ndoo. Zamani ilikuwa ni desturi ya kazi: kila upimaji unakwenda na wavu, ili kinachohesabiwa kishikwe pia mkononi. Tangu aje Mheshimiwa, wavu ulifungiwa stoo kwa maelezo kwamba unamchafua. Nahodha hakuridhika, na zile jioni tatu alikuwa akitupa wavu wake mdogo upande wa pili wa boti na kuweka alichopata kwenye barafu.

"Jioni tatu, dada," alisema, akiinua ndoo. "Samaki kumi na tisa. Kama wako bilioni, basi wana akili kunishinda."

Bi Rula akavaa glavu na kumpasua wa kwanza. Tumbo lilikuwa limejaa hadi kupasuka. Wa pili vilevile. Alipofika wa sita akaacha kuandika, akachukua kibano na kutoa kitu kimoja kutoka kwenye ile rojo ya tumboni. Kilikuwa buu jembamba, jeupe la kuonekana ndani kama kioo. Akaliweka chini ya lenzi, akaangalia, akacheka peke yake mpaka nahodha akaingiwa na wasiwasi.

"Niitie Bwana Skrini," akasema.

Kijana akaja ameziba pua kwa adabu. Bi Rula akamvutia ndoo tupu aikalie.

"Mwanangu, huyu Mheshimiwa wako anamwonaje samaki kwenye giza la chini?"

"Hamwoni, mama. Anasikia hewa. Samaki ana kibofu cha hewa tumboni. Sauti ikigonga hewa inarudi kwa nguvu, basi anahesabu: huyo mmoja, huyo wa pili."

"Na kama kuna kiumbe mwingine mwenye hewa tumboni?"

"Ziwani? Hakuna."

"Chungulia hapo."

Kijana akainama kwenye lenzi. Buu lile lilikuwa na vifuko vidogo vya hewa, viwili mbele na viwili nyuma, vinang'aa kama fedha. Akasahau hata kuziba pua.

"Ni nini hiki?"

"Mabuu ya usubi. Wale wadudu wanaopanda ziwani kama moshi na kutuingia midomoni. Kabla ya kuota mbawa, mchana kutwa hulala kwenye tope. Jua likizama hupanda juu, wengi, ghuba nzima. Nyie Mheshimiwa mlimpeleka saa ngapi?"

Kijana akainua kichwa kutoka kwenye lenzi. "Saa kumi na mbili jioni. Siku zote tatu. Mkurugenzi alisema wakati huo picha zinatoka vizuri."

"Na huyu Mheshimiwa alifundishiwa wapi kazi?"

"Kwenye ziwa moja la nchi ya baridi. Mimi nilimwacha na mipangilio aliyokuja nayo. Kitabu kilisema usiguse."

"Basi mwenzio hajawahi kukutana na usubi," akasema Bi Rula. "Mpumzishe lawama. Aliyeambiwa hewa yote ni samaki atafanyaje?"

Walikwenda wote wawili kwa Mkurugenzi, na walitoka mbio kuliko walivyoingia. Mkurugenzi hakutaka hata kuliona buu. "Usubi?" alifoka. "Waziri yuko njiani, utepe umeshanunuliwa, halafu nimwambie nimehesabu wadudu?" Akampiga Bi Rula marufuku kusogelea ghuba, na Bwana Skrini akakumbushwa kwamba mkataba wake ulikuwa mfupi.

Lakini Mkurugenzi alikuwa mtu wa mazoezi. Hakuna sherehe aliyoifanya bila kuifanyia mazoezi jana yake, na mazoezi yake yalitaka watazamaji. Alhamisi alasiri akaamuru wafanyakazi wote wapande boti ili wajifunze kupiga makofi mahali panapotakiwa. Marufuku ya Bi Rula akaisahau, kwa kuwa alihitaji watu wa kujaza upande wa kushoto.

Bi Rula alikuwa amejiandaa. Alikuwa ameshusha chandarua kitandani kwake na kukishona kama mfuko mrefu wenye mdomo wa waya.

"Na sisi tulale na nini?" mumewe aliuliza.

"Mbu watakuvumilia siku mbili."

Jua lilipoanza kuzama walikuwa katikati ya ghuba. Mkurugenzi alikuwa amemeza vidonge viwili vya kichefuchefu na ameshikilia nguzo. Mheshimiwa akashushwa, na kwenye skrini kubwa kukaanza kutokea nukta nyekundu, chache, kisha nyingi, kisha skrini nzima ikawa nyekundu.

"Mnaona?" Mkurugenzi akapaza sauti. "Milioni kwa mamilioni! Hapa mnapiga makofi!"

Wakapiga. Makofi yakiendelea, nahodha akatosa chandarua majini.

"Hicho nini?"

"Ni cha sherehe, mkuu," nahodha akajibu.

Walikivuta watu wanne. Kilipotua sitahani Bi Rula akafungua mkia wake, na ikamwagika rojo nzito inayotetemeka, ndoo kwa ndoo, ikatiririka hadi kwenye viatu vya Mkurugenzi na kuvifunika. Hapakuwa na samaki hata mmoja. Nahodha akatupa pia wavu wa samaki mahali palepale, skrini ikiwa bado nyekundu, na wavu ukaja na samaki wawili, mmoja wao mgonjwa.

Bi Rula akainama, akaokota buu moja, akalilaza kwenye rula. "Sentimita moja kasoro, mkuu. Tuandike amekula nini?"

Kila mtu alimgeukia Bwana Skrini. Kijana yule angeweza kunyamaza. Mkataba wake ulikuwa mfupi kweli, na nyumbani kwao walimtegemea. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mama yuko sahihi," akasema kwa sauti ya kusikika. "Kosa ni langu. Nikiondoa mabuu hesabuni, samaki hawafiki milioni nne."

Mkurugenzi akageuka na kuinama ukingoni mwa boti. Alitapika sana, na hakuna aliyeweza kusema kama ni mawimbi au ni hesabu.

Mnadhani aliaibika? Hamumjui. Ijumaa alisimama mbele ya waziri, viatu vimeshasuguliwa, akatangaza kwamba kituo chake, kwa kutumia teknolojia ya kisasa, kimegundua mabuu bilioni moja na milioni mia nne, chakula cha samaki wa vizazi vijavyo, na kwamba kwa hiyo ghuba lazima iendelee kufungwa. Waziri akafurahi, akakata utepe, na ghuba iliyokuwa imefungwa ikazinduliwa kufungwa. Bi Rula alisikiliza hotuba hiyo akiwa nyuma ya mahema, kwa sababu viti vya mbele vilikuwa vya watafiti.

Barua ya kustaafu haikufutwa. Wiki iliyofuata masanduku ya betri yalipangwa mlangoni kwake, akawa anayaruka kuingia kazini. Aliyafunga madaftari sitini na moja kwa kamba, akajiambia haliliwi jambo la namna hii, akalia.

Zilipobaki siku tatu mwezi uishe, Mkurugenzi akamwita. Bwana Skrini alikuwa humo ofisini, ameinamisha kichwa.

"Mama, kumetokea jambo," Mkurugenzi akaanza. Kijana, alieleza, alitaka jina la Bi Rula liingie kwenye ripoti iliyokwenda kwa wafadhili. Lakini fomu ya ng'ambo kwenye orodha ya watafiti inadai shahada. Asiye nayo inamkataa. Kwenye washauri ikadai kampuni. Kijana akahangaika siku nzima, na mahali pekee palipokubali ni orodha ya vifaa. Mkurugenzi akamgeuzia karatasi, na Bi Rula akasoma. Namba tano, boti moja. Namba sita, roboti moja. Namba saba, kifaa cha uhakiki: msaidizi wa maabara, mmoja, pamoja na meza yake.

"Nisamehe, mama," Bwana Skrini akasema. "Sikutaka ukose kabisa."

"Sasa tatizo," Mkurugenzi akaendelea, akijikuna kisogo, "masharti yao ni kwamba kifaa kilichomo kwenye orodha hakiondolewi kituoni kwa miaka mitano. Kikiondolewa, Mheshimiwa naye anarudi kwao. Kwa hiyo uamuzi ni wako, na safari hii ni wako kweli. Tunaweza kuwaandikia wakufute. Utaondoka kama mtu, kwa heshima, na cheti cha shukrani chenye fremu. Au ubaki na meza yako, lakini ubaki humo ulimoandikwa."

Bi Rula akaisoma tena namba saba. Alishaitwa mengi maishani, na shemeji mmoja aliwahi kumwita mzani mbovu, lakini hakuwahi kupangwa baada ya boti na roboti. Alimtazama Mkurugenzi, akamtazama kijana, akafikiria ndoo ya asubuhi ambayo nahodha alikuwa ameshaiweka mlangoni.

"Mheshimiwa hutunzwaje?" aliuliza.

"Anakaguliwa kila miezi mitatu. Ana kiyoyozi, ana vipuri."

"Basi nami nitakaguliwa kila miezi mitatu na daktari wa macho. Kiyoyozi kije, na glavu mpya kila wiki. Niacheni humo."

Kesho yake masanduku ya betri yaliondolewa mlangoni. Mchana akaja mtunza stoo, mtu waliyekula naye chakula cha mchana miaka kumi na tisa, na fomu kwenye ubao na kibandiko chenye namba. Alisimama kando ya meza, hajui aweke wapi macho.

"Dada, samahani. Kila kifaa lazima kiandikishwe."

"Uliza tu, kaka."

"Mwaka wa kutengenezwa... hapo naruka." Akashuka mstari mmoja. "Hali ya kifaa. Kuna kipya, kizuri, chakavu na kibovu."

Bi Rula alikuwa ameandaa mzaha wa kumjibu, lakini ulipofika kwenye ulimi ukakataa kutoka. Macho yakamjaa machozi, na mikono yake ilikuwa na magamba, hakuweza kuyafuta.

"Andika kizuri," alisema.

Mtunza stoo akaandika, taratibu, kwa mwandiko wake bora kuliko wote. Akambandika namba kwenye koti, kifuani, akaupapasa ukingo ushike. Bi Rula akavua glavu ya kulia na kunyoosha mkono achukue kalamu.

"Hapana, dada," mtunza stoo akasema kwa sauti ya chini. "Hii natia sahihi mimi peke yangu. Kifaa hakina mahali pa sahihi."

Bi Rula akarudisha mkono, akaivaa tena glavu, akamvuta samaki aliyefuata. Kwenye ndoo walikuwa wamebaki kumi na mmoja, na barafu ilikuwa inayeyuka.